Theluji ya Alasiri: Hali ya Hewa ya Mlima Kenya kwa Msafiri Anayetoka Mukuru

Mada iliyowasilishwa katika semina ya vikundi vya vijana wapanda milima, Mukuru kwa Reuben, Nairobi



Nimeombwa nizungumzie majira ya baridi milimani na namna msafiri wa miguu anavyojikinga na theluji. Vitabu vingi vya upandaji milima vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kwao theluji ina miezi yake: huanza kuanguka Desemba, hulala chini mpaka Machi, kisha huyeyuka. Mtu wa huko akitaka kwenda mlimani huuliza mwezi. Mlima wetu umekaa kwenye ikweta. Huko juu, tofauti ya joto kati ya Januari na Julai ni ndogo kuliko tofauti kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri ya siku ile ile. Ndiyo maana nasema kwamba anayepanda Mlima Kenya aulize kwanza saa, halafu aulize atakaukaje akilowa. Mwezi tutaufikia baadaye.

Hapa Reuben tuko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lenana, ambacho ndicho wengi wenu mnakilenga, kina mita 4,985. (Batian, chenye mita 5,199, na Nelion, chenye 5,188, ni vya watu wa kamba, leo tuviache.) Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Basi alfajiri yenye nyuzi 14 hapa kwetu, ambayo mama mboga huivalia sweta mbili, kwa hesabu ya karatasi ni nyuzi 8 chini ya sifuri kule Lenana. Upepo hauko katika hesabu hiyo.

Siku moja ya mlima huenda hivi. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, hutiririka kufuata mabonde kwenda chini, na anga huwa safi. Kunapambazuka kweupe. Jua likishapiga miteremko, hewa hupata joto na kuanza kupanda, ikibeba unyevu wa mashamba, wa msitu na wa mianzi. Kufikia saa nne au saa tano asubuhi ukungu unapanda Bonde la Teleki, na dakika chache baadaye humwoni aliye mbele yako. Saa nane mchana inanyesha: kwanza mvua, juu zaidi mvua ya mawe, na kuanzia kama mita 4,500 theluji. Jioni mawingu hulegea, na usiku nyota zinarudi. Hata mtu wa Mukuru anaweza kuona ushahidi wa jambo hili bila kulipa nauli. Asubuhi iliyotakata, akiwa juu ya ghorofa ndefu kule Pipeline, mlima unaonekana umbali wa kilomita 150 hivi. Kufikia saa tano umekwisha jifunika. Mwaka 2021 watu walibishana mtandaoni juu ya picha ya mlima huo iliyopigwa kutoka Nairobi, wengine wakisema ni ya kubandika. Nadhani wengi wa waliobisha huamka jua limeshapanda.

Mimea ya kule juu imeshauzoea mwendo huu wa siku. Ile mikubwa ya jamii ya senesio, inayosimama kama watu njiani kuelekea kambi ya Mackinder, hufunga majani yake kila jioni ili kukinga chipukizi na jalidi, na huyafungua asubuhi. Hufanya hivyo Machi, hufanya hivyo Septemba.

Kutokana na mwendo huo, theluji ile ile hubadilika mara tatu kabla ya siku kuisha. Alasiri inapoanguka ni laini na imejaa maji, inalowesha viatu. Usiku huganda. Saa tisa usiku, mnapotoka kambini na tochi, ni ngumu, inateleza, na mahali penye jiwe tupu mnakuta ganda la barafu jembamba lisiloonekana. Saa nne asubuhi, mnaposhuka, ni uji. Ni rahisi kuteleza kwenye ganda hilo, hasa juu ya Austrian Hut, mita 4,790, ambako njia inageuka mwamba. Desturi ni kutoka saa nane au tisa usiku ili jua liwakute Lenana, na desturi hiyo ina sababu nzuri: anga iko wazi na mtashuka kabla ya ukungu. Lakini theluji mpya ikiwa imeanguka jana yake, na kikundi hakina viatu vya meno ya kushika barafu, mimi ningechelewesha safari kwa saa mbili ili mwanga utangulie. Picha ya macheo itakosekana. Kinachobaki palepale ni saa ya kugeuka: saa tano asubuhi ikiwakuta bado mnapanda, rudini, hata kama bendera ya kilele inaonekana.

Kuhusu maji, nitakaa hapa zaidi, maana ndipo watu wetu wanapofia.

Februari 1908, msafara wa Kijerumani wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulikuwa katika milima ya Virunga, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo ya leo. Mwanajiolojia wake, Egon Kirschstein, alikuwa na wapagazi kwenye mlima Karisimbi dhoruba ya mvua ya mawe na theluji ilipowashukia. Wapagazi 20 walikufa. Karisimbi una mita 4,507 na hauna barafu ya kudumu hata kidogo; theluji huja, hukaa kidogo, huondoka. Hawakuanguka korongoni wala hawakufukiwa. Walilowa, wakapigwa na upepo, wakalala chini wakakataa kuinuka, kama ilivyo kawaida ya mtu ambaye baridi imeshafika kwenye akili. Na nani walikufa? Wapagazi, watu wa nchi za joto, waliovaa nguo za nchi za joto na kubeba mizigo ya wengine. Tunaposoma historia ya milima hii tunafundishwa jina la Mackinder, aliyefika Batian tarehe 13 Septemba 1899. Majina ya wale 20 sijayaona katika kitabu chochote.

Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 haraka kuliko hewa iliyotulia. Nguo ya pamba ikilowa hubaki na maji hayo na kukubandika nayo mgongoni. Kwa hiyo suruali ya jinzi na fulana ya pamba, ambazo ndizo sare ya kijana wa Nairobi, ni nguo mbaya kuliko zote mlimani. Sufu na poliesta hukauka upesi na huhifadhi joto hata zikiwa na unyevu. Hapa ndipo sisi tuna bahati ambayo hata watu wa Karen hawana: soko la mitumba la Gikomba liko karibu. Katika marobota yale kuna sweta za sufu, jaketi za kuteleza kwenye theluji na suruali za mvua ambazo mwenyewe alizivaa msimu mmoja huko Ulaya akazichoka. Shika nguo, soma kibandiko cha ndani. Kikisema pamba, irudishe hata kama ina jina kubwa kifuani. Gambuti nazo zisidharauliwe. Kwenye matope ya Rwenzori wageni na wapagazi wote huzivaa, na hata kwenye tope la mteremko wa Naro Moru zinafaa. Kwenye barafu, hapana, hazishiki.

Mfano wa vifaa vya bei ndogo upo kwenye mlima wetu huu: Januari 1943 Waitalia watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki ili wakapande mlima. Mavazi yao yalishonwa kwa mablanketi ya kambi, viatu vya meno vilifuliwa kwa bati la gari bovu, na kamba zilitoka kwenye nyavu za vitanda. Fundi yeyote wa jua kali wa hapa Reuben angewaelewa. Wawili kati yao walifika Lenana, kisha wakarudi kambini kujisalimisha. Ila walipojaribu Batian, dhoruba ya theluji iliwarudisha, na hiyo ilikuwa Februari, mwezi wa kiangazi. Sipendekezi kamba za vitanda. Ninachosema ni kwamba vifaa vya bei ya juu havihitajiki, na kwamba mwezi mzuri hauna dhamana.

Dalili za mwili kupoteza joto mzifahamu wote, si kiongozi pekee. Mtu hutetemeka, kisha hujikwaa, kisha maneno yake hayaeleweki na anaanza kukasirika bila sababu. Kutetemeka kukikoma naye hajapashwa joto, hali imekuwa ya hatari. Mwondoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mpeni chai yenye sukari kama bado anaweza kumeza vizuri, mshusheni. Wapo wanaobeba kachupa ka pombe wakisema kanapasha. Pombe hupanua mishipa ya ngozi na kutoa nje joto la ndani ya mwili. Unajisikia motomoto huku unapoa.

Sasa mwezi. Mvua ya masika, Machi katikati hadi Mei, na mvua ya vuli, Oktoba hadi Desemba, huletwa na ukanda uleule wa mawingu unaovuka ikweta ukilifuata jua. Ile masika ya 2024, iliyojaza Mto Ngong na kuingiza maji ndani ya nyumba zetu za mabati, kule juu ilikuwa theluji. Hali kadhalika vuli kubwa za 1997, 2019 na 2023. Kwa hiyo Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner ikitangaza kwamba mvua ya msimu itazidi kiwango, mkazi wa kando ya mto anahamisha godoro, na mpanda mlima naye aahirishe safari. Miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba.

Shida ni kwamba kalenda ya mlima haipatani na kalenda ya mwajiri. Wengi wenu mko kwenye viwanda vya Industrial Area, na mapumziko marefu mnayopata ni Pasaka na Krismasi. Pasaka huangukia ndani ya masika au mlangoni mwake. Kila mwaka vikundi vya Nairobi hukodi matatu wikendi hiyo na kwenda kulowa. Krismasi ni nafuu, hasa vuli ikiisha mapema. Kama mnaweza kujinyima siku tatu za Februari, jinyimeni.

Jambo moja huwachanganya watu wa Nairobi. Julai kwetu ni mwezi wa wingu la kijivu na baridi ya mifupa, na mtu husema, kama hapa ni hivi, mlimani itakuwaje? Wingu lile ni la chini. Hewa ya kusi hulileta, na tabaka la hewa yenye joto juu yake hulizuia lisipande. Mara nyingi aliye kambi ya Shipton, mita 4,200, anaota jua huku akilitazama wingu letu kwa juu.

Simu nazo zinadanganya kwa namna yake. Programu nyingi hukupa joto la Nanyuki, mji ulio kwenye mita 1,950 hivi; ukitaka la Lenana, toa nyuzi 20. Na ramani za programu hizo hugawa nchi kwa miraba mikubwa inayolainisha kilele kikawa kilima. Hazijui pia kwamba upande wa kusini na mashariki, njia ya Chogoria, hunyeshewa zaidi kuliko upande wa kaskazini, njia ya Sirimon. Kwa kikundi kinachokwenda mara ya kwanza, mimi ningechagua Sirimon bila mjadala.

Theluji pia isichanganywe na mvua ya mawe. Septemba 2008, wakazi wa Busara karibu na Nyahururu waliamka wakakuta mteremko wa kilima umekuwa mweupe, wakacheza wakiamini ni theluji. Ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana. Kwa msafiri tofauti yake ni hii: mawe hayo hutoka kwenye wingu refu la radi. Yakianza kudunda kofiani, ondokeni kwenye mgongo wa mlima mshuke mara moja.

Na barafu ya kudumu? Ile ya Lewis, kati ya 1934 na 2010, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Anayebeba ramani ya zamani atakuta mawe yaliyolegea mahali palipochorwa barafu, na jua likiyapiga yanaporomoka.

Mapendekezo yangu kwa vikundi ni machache. Michango ya chama inunue kwanza makoti ya mvua na suruali za mvua za kutumiwa kwa zamu, kabla ya mahema na kabla ya fulana zilizochapishwa jina la kikundi. Nguo za wapagazi mtakaowaajiri zikaguliwe langoni pamoja na zenu. Kila mtu awe na miwani ya jua, kwa kuwa theluji ya ikweta hurudisha mwanga unaochoma macho. Na safari yoyote iliyopangwa wikendi ya Pasaka isogezwe hadi wiki ya pili ya Julai. Fedha za matatu zikiwa zimeshalipwa, mweka hazina azungumze na dereva wiki hii.