Mvua Hunyesha Juu

Msikilizaji, habari yenyewe unayo. Umeisikia tangu mwanzo wa wiki na umeisikia tena asubuhi hii. Septemba hii ya 2019, watu saba wamesombwa na maji katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, na mmoja wao alikuwa mwelekezi, mwenyeji wa pale pale aliyekuwa kazini. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, limelifunga korongo. Kwa jamaa waliofiwa tunasema poleni, tena poleni sana.

Kufunga ni sawa. Hakuna mwenye akili timamu atakayepinga kufungwa kwa mahali palipotolewa maiti juzi. Sisi linalotukosesha usingizi ni siku ya kufungua. Litafunguliwa kwa lipi jipya?

Tunauliza kwa sababu tumewahi kufika hapa. Aprili 2012, vijana wa kanisa moja la Nairobi walikwenda matembezi katika korongo hilo hilo. Maji yakaja. Wakafa saba. Saba wakati ule, saba wakati huu. Tulilia, tukazika, rambirambi zikatolewa, na korongo likaendelea kupokea wageni. Kutoka Aprili 2012 hadi Septemba 2019 ni miaka saba na ushei. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anasoma na kuandika. Tulikuwa na muda wa kutosha kujifunza jambo moja tu: mvua hainyeshi korongoni. Mvua hunyesha juu.

Wiki hii nzima tumesikia watu wakishangaa kwamba Septemba si mwezi wa mvua. Kweli, aliyepanga safari mwezi huu hakuwa na sababu ya kubeba mwavuli. Lakini mwaka 2012 ilikuwa Aprili, katikati ya mvua ndefu, na watu walikufa vile vile. Kwa hiyo kalenda haimlindi mtu pale. Jua la Naivasha halimlindi. Lile korongo ni kazi ya maji toka mwanzo. Zamani za kale, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kupita lilivyo leo, maji yake yalipata pa kutokea upande wa kusini, yakaichonga miamba ya volkano hadi pakawa na zile kuta tunazokwenda kupigia picha. Kuna mahali njia ni nyembamba hivi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Chemchemi za maji moto hudondoka kutoka mwambani, watoto hupenda kuzigusa, vijana hutoa simu. Juu ya vichwa vyao anga ni utepe mdogo wa samawati. Na huko kwenye miinuko, ambapo aliye chini hawezi kupaona, mvua inanyesha. Maji hayo hayana njia nyingine ila hiyo wanayopita wao. Yakifika penye wembamba hupanda ukuta, na mahali pa mtu kupandia atoke ni pachache. Hapo ni dakika tu, msikilizaji. Mvua hunyesha juu, watu hufia chini.

Hell's Gate ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, na tangu itengwe mwaka 1984 imependwa kwa jambo moja: unaweza kushuka garini. Unakodi baiskeli getini, unapita kando ya pundamilia na twiga, unatembea kwa miguu yako, kwa sababu simba pale ni nadra. Ni jambo zuri na tunalitetea. Lakini limetuzoesha kufikiri vibaya: kwamba pasipo na simba hapana hatari. Nenda Shimba Hills, kule Kwale. Ukitaka kushuka hadi maporomoko ya Sheldrick, askari wa wanyamapori anakusindikiza na bunduki yake, kwa sababu msituni mna ndovu na nyati. Safi kabisa. Ndovu kapewa askari. Nyati kapewa askari. Maji yamepewa nani?

Na getini je? Getini mgeni anaulizwa kama ni raia au si raia, mtu mzima au mtoto, gari au baiskeli. Anaulizwa yote hayo ili ijulikane atalipa kiasi gani. Je, anaambiwa kama juu kunanyesha? Tumelisema hili hapa hewani mara nyingi na tutalisema tena: geti la mbuga zetu linajua pesa, haliijui mvua. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri, nasi tunausoma kila siku. Lakini kumwambia mtu kwamba Kaunti ya Nakuru itapata manyunyu alasiri si kumwonya aliye ndani ya korongo saa tisa. Huyo anahitaji kuambiwa kwamba maji yameanza kuteremka sasa hivi, na anahitaji kuambiwa na mtu aliyeyaona.

Tuwaseme waelekezi pia, maana wao wanazikwa pamoja na wageni na halafu wanasahaulika. Hawa ni watu wa pale pale. Wanalijua korongo kila kona, wanajua mawingu ya kwao, wanajua mchanga ukianza kulowa maana yake nini. Lakini wengi wao riziki yao ni ya safari kwa safari. Mwelekezi akiwaambia wageni waliotoka Nairobi alfajiri kwamba leo hatuingii, kwa kuwa wingu lile halimpendezi, amejinyima chakula cha jioni, na huenda mgeni akamtafuta mwelekezi mwingine asiye na wasiwasi. Huo si mzigo wa kumtwika mtu peke yake. Neno lake la kukataa lazima liwe amri, na siku anayokataa lazima alipwe. Hapo ndipo tutajua serikali inathamini uhai, au inathamini tiketi.

Wakenya siku hizi wanatembea. Zamani mbuga zilikuwa za wageni kutoka ng'ambo na za safari za shule. Sasa kila Jumamosi matatu zinajaa vijana wenye viatu vya kupandia mlima: wa kwenda Ngong, wa kwenda Longonot, wa kushuka ngazi hadi chini ya Thomson's Falls kule Nyahururu, ambako maji huanguka mita 74, na wa kuyatafuta maporomoko ya Karuru ndani ya Aberdare, yanayoshuka kwa hatua tatu, jumla mita 273. Wanaijua nchi yao kwa miguu yao. Tunafurahi, na hatutaki hofu ya wiki hii iwarudishe sebuleni kutazama televisheni. Ndiyo maana kufunga peke yake hakututoshi. Ukifunga bila kujenga chochote, siku ya kufungua unaiacha mvua ile ile, korongo lile lile, na watu wengine.

KWS, tafuteni mtu wa juu. Hatuzungumzii mtambo wa mabilioni. Tunataka mtu kwenye miinuko, mwenye kipimo cha mvua na redio ya mawasiliano, na mwenzake kwenye mlango wa korongo mwenye mamlaka ya kusema tokeni. King'ora kinachosikika hadi kwenye kona ya mwisho. Kamba na vishikio vya chuma palipo na pa kupandia, na alama za rangi zinazoonyesha pa kupandia ni wapi. Daftari la walioingia na waliotoka, ili jioni tusianze kuulizana walikuwa wangapi. Zaidi ya yote, mtu wa juu. Mvua hunyesha juu, basi mlinzi akae juu!

Waziri wa Utalii na Wanyamapori, usiturudishe Aprili 2012. Usikubali tangazo la kufungua lisilosema nini kimebadilika. Liandike, lisomwe, tutalisoma sisi wenyewe hapa, asubuhi na jioni, bila malipo. Wabunge wa Nakuru, ulizeni swali hili bungeni kabla machozi hayajakauka, kwa sababu yakikauka hamtauliza. Wenyeji wa Naivasha, mnayajua maji hayo kuliko ofisi yoyote ya Nairobi: semeni, msingoje kualikwa kikaoni. Na wewe uliyekwisha changa nauli ya Jumamosi hii, nenda, tembea, lakini mwelekezi akikuambia turudi, rudi. Usimbembeleze. Usimwongeze mia mbili. Rudi naye!

Korongo la Ol Njorowa lisifunguliwe hadi tujulishwe mtu wa juu ni nani, anakaa mlima gani, na anapoona wingu anamwita nani.