Nani Aliwahesabu?

Juma lililopita nilitenda kosa mbele ya kadamnasi. Kwa kuwa nililitenda hewani, haki ni kulisahihisha hewani, na wale wanaotusoma gazetini walione kwa maandishi.

Nilikuwa nikizungumzia watawala na tamaa ya madaraka. Katikati ya maneno nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba mwaka 1827, alipofariki Nandi, mama yake Shaka mfalme wa Wazulu, watu 7,000 waliuawa kwa amri ya mwanawe kwa sababu hawakumlilia vya kutosha. Nikasonga mbele. Kipindi kikaisha, nikaenda kunywa chai.

Nikaitwa kwenye simu. Alikuwa mzee mmoja, mwalimu wa historia aliyekwisha staafu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hao elfu saba, nani aliwahesabu?"

Sikuwa na jibu. Namba ile niliwahi kuisoma mahali, lakini imani ya kuiamini sikuipata kitabuni. Niliipata kwenye kibanda cha video, miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi wa sekondari mjini Morogoro.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka vibanda vile: turubai dirishani kuzuia mwanga, jenereta likinguruma nyuma, mabenchi ya mbao, na harufu ya jasho na karanga. Hapo ndipo nilipouona mkanda wa "Shaka Zulu", mfululizo wa sehemu 10 uliotengenezwa Afrika Kusini na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1986. Wengi wetu Kiingereza kilikuwa kinatupiga chenga, kwa hiyo kijana mmoja aliyekuwa mbele yetu darasani alisimama kando ya televisheni na kututafsiria. Pale asipoelewa, alitunga. Sote tulimwamini, maana tungemhakiki kwa kitu gani?

Tulimpenda Shaka yule. Jinsi anavyotembea, anavyotazama, anavyosema neno moja na uwanja mzima ukanyamaza. Aliyeigiza alikuwa marehemu Henry Cele, aliyewahi kuwa mlinda mlango wa kandanda. Shaka mwenyewe aliuawa mwaka 1828, kabla kamera hazijaenea duniani, na mchoro wake unaojulikana ulitoka katika kitabu cha mfanyabiashara Mwingereza. Kwa hiyo leo mtu akikwambia "nikimfikiria Shaka naona uso wake", jua kwamba anaona uso wa golikipa. Hilo si kosa la Cele. Alifanya kazi yake vizuri mno. Lakini linatuonyesha nguvu ya picha: inaingia mahali palipokuwa wazi, inakaa, na haitoki tena.

Baada ya simu ya mzee yule niliona aibu, nikaanza kufanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Nilifuata nyayo za ile 7,000 hadi zilikotoka.

Zilinifikisha kwa mtu mmoja, Henry Francis Fynn. Huyu alifika Port Natal, mahali tunapopaita Durban leo, mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 21. Alikuwa katika msafara wa wafanyabiashara ulioongozwa na Francis Farewell, wakitafuta pembe za ndovu. Katika mkanda, Farewell na Fynn wanaonekana kama wajumbe waliotumwa na serikali kumtuliza mfalme wa kutisha. Kwa kweli walikwenda kutafuta mali. Gavana wa Cape aliwaruhusu kufanya biashara, lakini hakuwapa mamlaka ya kujitwalia ardhi. Ardhi waliipata hata hivyo, au walidai kuipata, kwa karatasi walizosema zilitiwa alama na Shaka.

Fynn ndiye aliyeandika kwamba katika matanga ya Nandi waliuawa watu wasiopungua 7,000. Aliandika lini? Daftari lake la kwanza lilipotea. Kile kinachoitwa shajara yake alikiandika upya kwa kumbukumbu, na kilichapishwa kama kitabu mwaka 1950, wakati mwenyewe alikwisha fariki mwaka 1861. Na mkanda wa video unaifuata hadithi kwa macho ya Fynn huyo huyo.

Lakini kuna lililonikalisha kitako zaidi. Fynn alikuwa na mwenzake, Nathaniel Isaacs, aliyefika Natal mwaka 1825 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836. Mwaka 1832 Isaacs alimwandikia Fynn barua. Fynn naye alikuwa akifikiria kuandika, na Isaacs akampa ushauri: wachore wafalme wa Kizulu, Shaka na nduguye Dingane, kuwa wamwaga damu kadiri uwezavyo, na ukadirie idadi ya watu waliowaua, kwa kuwa mambo hayo yatakinenepesha kitabu na kukipa mvuto. Barua hiyo ilikuja kujulikana zaidi ya miaka mia moja baadaye. Wote wawili walikuwa na sababu. Walitaka Uingereza iichukue Natal, na ardhi waliyoidai ipate thamani. Uingereza iliichukua mwaka 1843.

Msikilizaji, mimi nilisomea kazi hii. Nina stashahada ya uandishi wa habari ukutani. Somo la kwanza kabisa tulilopewa chuoni ni kwamba habari yenye chanzo kimoja haijawa habari, na chanzo chenye maslahi kiulizwe mara mbili. Hapa nilikuwa na chanzo kimoja, chenye maslahi, kilichoshauriwa kwa barua kutia chumvi, nami nikakisoma hewani kama matokeo ya mpira.

Tena tuangalie mwaka wa mkanda wenyewe. Ulionyeshwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini lililokuwa mikononi mwa serikali ya makaburu. Mwezi Juni mwaka huo huo wa 1986 serikali hiyo ilitangaza hali ya hatari nchi nzima, na maelfu wakatiwa ndani. Sisemi kwamba kila aliyeshika kamera alikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba hadithi ya mfalme Mwafrika mwenye nguvu, ambaye mwisho wake ni wazimu na damu, haikumkera hata kidogo mtu aliyekuwa akiuambia ulimwengu kwamba Mwafrika akipewa nchi ataiangamiza.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningefunga mazungumzo kwa kuwalaumu wageni, nanyi mngenipigia makofi. Bahati mbaya nina binti nyumbani.

Jumatano jioni binti yangu alikuwa akitazama "The Woman King", filamu ya mwaka 2022 inayohusu wanawake askari wa ufalme wa Dahomey, katika nchi ambayo leo ni Benin. Viola Davis ndiye jemadari wao, na John Boyega ni mfalme Ghezo. Nilikaa naye. Nakiri nilifurahi. Wanawake wale walikuwepo kweli, si hadithi ya kubuni. Walikuwa jeshi, walifunzwa, waliogopwa, na Wafaransa waliopigana nao mwishoni mwa karne ya kumi na tisa waliwaheshimu. Binti yangu alikuwa ameketi wima kama mwenye mkuki mkononi.

Filamu ilipokwisha akaniambia, "Umeona baba? Huyu mfalme aliikataa biashara ya watumwa."

Nami, nikiwa bado na kidonda cha simu, nikamwuliza, "Nani kasema?"

Ukweli ni huu. Ghezo alitawala kuanzia mwaka 1818 hadi 1858. Alimpindua ndugu yake Adandozan, na miongoni mwa waliomsaidia alikuwemo Francisco Félix de Souza, Mbrazili aliyekuwa tajiri mkubwa wa biashara ya watumwa katika bandari ya Ouidah. Ni kweli kwamba mwaka 1823 aliivunja kongwa ya ufalme wa Oyo, uliokuwa ukiitoza Dahomey kodi. Lakini watumwa aliendelea kuwauza. Mwaka 1852, baada ya manowari za Waingereza kuziba pwani yake, alitia saini mkataba wa kuacha, na baada ya miaka michache biashara ikarudi. Mafuta ya mawese, ambayo jemadari wa filamu anayapendekeza badala ya watu, yaliuzwa kweli. Yaliuzwa pamoja na watu, na mashamba yake yalilimwa na watumwa. Filamu haifichi kwamba Dahomey iliuza watu. Hilo inalisema, na tulipe haki yake. Inachofanya ni kutuacha tukiamini kwamba mfalme aliipa kisogo biashara hiyo.

Nikamweleza binti yangu habari za Kossola. Huyu alikuwa kijana wa miaka kama 19 mji wake ulipovamiwa alfajiri na jeshi la Dahomey, likiwa na wanawake askari wale wale. Wakati huo Ghezo amekwisha fariki, na kiti amekalia mwanawe Glele. Kossola alipelekwa Ouidah, akauzwa, na mwaka 1860 akapakiwa na wenzake zaidi ya mia moja katika merikebu iitwayo Clotilda, ya mwisho inayojulikana kufikisha watumwa Marekani. Huko akaitwa Cudjo Lewis. Mwaka 1927 mwandishi Zora Neale Hurston alikwenda kumhoji akiwa mzee, na kitabu cha mazungumzo yao kilipata mchapishaji mwaka 2018 tu. Kossola alifariki mwaka 1935, na nyumbani kwao hakurudi.

Binti yangu akanyamaza kidogo, halafu akaniambia maneno ambayo tangu Jumatano yananikosesha usingizi. "Basi baba, tufurahie nini? Wakituonyesha wabaya unakataa. Wakituonyesha wema unakataa."

Swali hilo ni zito kuliko la mzee. Nimelizungusha kichwani, na jibu nililo nalo ni hili.

Wapo watakaosema filamu ni burudani, si darasa. Mtengenezaji ana saa mbili za kueleza miaka arobaini. Lazima akate, aunganishe, atunge mazungumzo ambayo hakuna aliyeyasikia. Nakubali. Mwaka 2023 ilitoka filamu ya Napoleon, na ndani yake majeshi yake yanazipiga mizinga piramidi za Misri. Halikutokea hilo. Pia anaonekana akishuhudia malkia Marie Antoinette akikatwa kichwa, ambapo siku ile hakuwepo Paris. Wanahistoria walipiga kelele, watu wakacheka, maisha yakaendelea. Yakaendelea kwa sababu mtoto wa Kifaransa akitoka sinema anayo maktaba, makumbusho, walimu na rundo la filamu nyingine za Napoleon. Uongo mmoja unazama katika bahari ya maelezo.

Mtoto wetu akitoka sinema anatoka na filamu hiyo hiyo moja. Shaka ni yule wa golikipa, Ghezo ni yule wa Boyega, basi. Kwake filamu ndiyo maktaba, na ndiyo maana kwetu kosa dogo si dogo.

Kuhusu kufurahi, nimemwambia binti yangu afurahie wanawake wale, maana walikuwepo. Lakini asimsahau Kossola. Anayetaka kuwapenda mababu kwa sharti kwamba wawe malaika hajawapenda bado, amejipenda mwenyewe. Shaka aliunganisha koo nyingi kuwa taifa, naye aliua. Kati ya wazee Waafrika waliohojiwa na James Stuart kule Natal kuanzia mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wako wanaomsifu Shaka, na wako ambao babu zao aliwafukuza makwao, nao wanamkumbuka kwa uchungu. Wote hao wana haki ya kusikika, na wote hao hawakuitwa mwaka 1986.

Siku moja, inshallah, vijana wetu watapata fedha za kumtengenezea filamu Mirambo, ambaye Stanley alimfananisha na Napoleon. Watamwonyesha akiwasimamisha matajiri wa Tabora, na watafanya vyema. Je, watawaonyesha ruga-ruga wake wakichoma vijiji? Wajukuu wa waliochomewa nao ni Watanzania, nao watakata tiketi. Nawaomba vijana hao, kabla ya kuandika neno la kwanza, wasafiri hadi vijijini wakaulize pande zote mbili.

Sasa nisahihishe kosa langu rasmi. Nandi alifariki mwaka 1827. Kwamba watu waliuawa katika matanga yale ni jambo linalosemwa na wengi. Idadi ya 7,000 ni ya Henry Fynn, aliyeiandika upya kwa kumbukumbu, akiwa na ardhi ya kudai na rafiki wa kumshauri atie chumvi. Wangapi hasa, hakuna aliyewahesabu. Nilipaswa kusema hivyo.

Mwalimu, ahsante kwa simu. Namba yako nimeihifadhi, na nakuomba usiache kuniuliza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.