Nahodha Mwenye Kusema



Hapa Mpanda wapenzi wa mpira hawajaacha kubishana juu ya Nadir Haroub "Cannavaro". Mzanzibari huyu alikuwa beki wa kati, nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, mtu mgumu asiyeogopa kugongana. Jina la utani lilitokana na Fabio Cannavaro, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006.

Januari 2016 Mbwana Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humu. Kocha Charles Boniface Mkwasa akampa unahodha. Nadir alisema hadharani kwamba utaratibu haukumridhisha, akatangaza kustaafu timu ya Taifa.

Wako wasemao alikosa nidhamu. Wengine husema alidai heshima yake. Mimi naona hivi: Samatta alistahili, na kocha ana haki ya kuchagua. Lakini kanuni njema ya uongozi ni kwamba anayeachia cheo huambiwa kwanza, uso kwa uso, ndipo watu watangaziwe.

Ninyi viranja, kesho mtashika ofisi. Aliyebeba mzigo siku nyingi mwiteni, mwambieni, mshukuruni. Naye mwenye kinyongo na aseme waziwazi, kwani asemaye twaweza kumjibu. Anayenung'unika chinichini huibomoa timu nzima.