Kabla ya Kununua Injini ya Turbo

Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na mapenzi ya Wakenya kwa gari hilo hayajapoa. Wapo wanaonunua Impreza kuukuu, kisha wakaiundia injini uani kwao. Siwakatazi, kazi hiyo hufunza mengi. Nitazungumzia pale fedha zinapopotelea.

Wengine hufunga turbo kwenye injini isiyoundwa kwa turbo. Injini ya EJ20 ya turbo ya miaka ile hubana hewa na petroli takriban mara 8. Ile isiyo na turbo huzidi mara 9. Ukiongeza msukumo wa turbo juu ya mbano huo, injini itagonga na pistoni zitapasuka.

Injini ya mtumba nayo, hata iking'aa kwa nje, ifunguliwe sampu mbele ya muuzaji. Ukikuta chembe za chuma zinazometameta, beringi zimelika. Chembe hizo hujificha hata ndani ya kipoza oili, ambacho ni vigumu kukisafisha kikamilifu, heri kibadilishwe. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, hivyo oili chafu huiua upesi.

Muuzaji akikataa kufungua sampu, ondoka. Akikubali, risiti itaje nambari ya injini na siku mlizokubaliana za kuirudisha. Nambari hiyo utaihitaji pia utakapoiarifu mamlaka ya usajili kwamba injini imebadilishwa.