Shale za Alpi: Nyumba Iliyozaliwa na Jibini

Shale, ile nyumba ya mbao ambayo macho ya dunia nzima yameizoea kwenye kalenda na makopo ya chokoleti, haikuanza kama nyumba ya familia. Ilikuwa kibanda cha wachungaji. Kila kiangazi wakulima wa Uswisi walipandisha ng'ombe kwenye malisho ya juu, na kwa kuwa maziwa yangechacha kabla ya kufika bondeni, waliyageuza jibini hukohuko. Kibanda kikawa na meko ya kuchemshia maziwa, chumba cha baridi cha kuhifadhia jibini, na mahali pa kujinyoosha usiku. Mapambo yalikuja baadaye.

Ufundi wenyewe uko kwenye pembe. Magogo yaliyochongwa hulazwa moja juu ya jingine, ncha zikakatwa mapengo na kushikana, ukuta ukasimama bila nguzo. Mbao zinapokauka husinyaa na ukuta wote hushuka, kwa hiyo fundi mzoefu huacha nafasi juu ya madirisha. Rangi haipakwi: jua la jimbo la Valais huubabua ukuta wenyewe hadi uwe mweusi.

Paa ndilo linalowashangaza wageni. Mtu angetarajia paa lenye mwinamo mkali ili theluji iporomoke, lakini mapaa mengi ya zamani yamelala. Misumari ya chuma ilikuwa ghali, kwa hiyo vigae vya mbao vilikandamizwa kwa mawe, na mawe hayakai kwenye mteremko mkali. Theluji iliyobaki juu ikawa blanketi. Misumari iliposhuka bei, mapaa nayo yakaanza kuinuka.

Jibini lilipopata soko la mbali, fedha zake zilionekana kwenye kuta. Katika kijiji cha Rossinière, mfanyabiashara wa jibini Jean-David Henchoz alijenga katikati ya karne ya 18 shale yenye madirisha 113. Mchoraji Balthus aliishi humo tangu 1977 hadi alipofariki 2001.

Karne ya 19 iliing'oa shale kutoka kazini kwake. Mwandishi Charles Dickens alizawadiwa shale na mwigizaji Charles Fechter; ilifika Kent, Uingereza, ikiwa vipande ndani ya makasha 58. Ng'ombe hakuwepo, wala theluji ya kutisha. Dickens aliifanya chumba cha kuandikia, na alikuwa akifanya kazi humo siku moja kabla ya kifo chake mwaka 1870.

Uswisi kwenyewe, shale nyingi za leo ni za likizo, madirisha yake yakiwa yamefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Machi 11, 2012, wapiga kura waliidhinisha kwamba nyumba za aina hiyo zisizidi asilimia 20 ya makazi ya kila wilaya ndogo. Valais, ambako ujenzi huo huwalisha mafundi wengi, ilipiga kura ya hapana.