Ukianguka na baiskeli, rudi pole pole

[Muziki unashuka]

Msikilizaji wetu hapa Kakuma, leo nasema na wewe uliyeanguka na baiskeli, ukaiegemeza ukutani, na mpaka leo hujaigusa. Maji unabeba kichwani, na pesa ya mboga unalipa bodaboda.

Hofu hiyo si aibu. Mwili unakumbuka maumivu, unataka kukulinda. Usijilaumu, ufundishe upya.

Kwanza, afya. Kama uligonga kichwa na bado kinauma, unatapika au unasikia kizunguzungu, nenda kliniki kabla ya jambo lingine lolote.

Pili, kagua breki, cheni na tairi. Kama breki hazishiki, mpelekee fundi.

Tatu, shusha kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini. Toka asubuhi mapema, mahali tambarare pasipo pikipiki. Usikanyage pedali bado. Jisukume kwa miguu, kisha ushike breki usimame. Rudia mara nyingi. Ukijua unaweza kusimama, hofu inapungua.

Siku nyingine, kanyaga. Tazama unakokwenda, si lile jiwe unaloliogopa, maana gurudumu hufuata macho. Ukifika kwenye mchanga wa laga, shuka uisukume. Mitungi na abiria wasubiri mpaka uzoee.

Nawe jirani uliyemwona akianguka, usimcheke. Mshikie kiti kwa nyuma, umwachie atakapokuambia.

Tukutane kesho, saa hii hii.

[Muziki unapanda]