Roketi ya Chupa na Swali la Mtoto

(Mazungumzo na vijana na wazazi, Cheptiret)



Nimeombwa nizungumze juu ya watoto na sayansi, nami nitaanza na aibu yangu. Nilipokuwa sekondari nilikariri kanuni ya tatu ya Newton neno kwa neno, kama nilivyohifadhi Juzuu Amma madrasa. Mtihani nikapasi. Lakini mdogo wangu aliponiuliza, "Kaka, huko juu hakuna hewa, sasa roketi inasukuma nini?" nilimwambia anyamaze. Mjinga hapo alikuwa mimi.

Basi juzi, baada ya Alasiri, tulitoka na watoto wa madrasa hadi uwanjani. Tulikuwa na chupa ya plastiki ya soda, kizibo, sindano ya kujazia mpira na pampu ya baiskeli. Tukaisimamisha chupa kichwa chini juu ya matofali. Mara ya kwanza tulijaza maji karibu yote: ikaruka kidogo, ikaanguka. Mzee mmoja akasema tunaichezea Ramadhan. Mara ya pili hatukutia maji: ikalia puu, haikufika mbali. Ndipo binti mmoja mdogo akasema, "Jazeni thuluthi." Wallahi, ilipita paa la mabati!

Kwa nini? Hewa iliyobanwa huyatupa maji chini, na maji nayo huisukuma chupa juu. Chupa ikijaa, hewa haina nafasi. Ikiwa tupu, hakuna kizito cha kutupa. Mdogo wangu, sasa kidato cha pili, akaniangalia: "Kumbe inasukuma kile inachokitupa yenyewe!" Jawabu alilipata mwenyewe.

Yule mzee tulimjibu kwa heshima. Oktoba 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alirushwa angani ndani ya Ramadhan, na wanazuoni wa kwao walimwandalia mwongozo wa swala na saumu. Dini haikumzuia.

Wala msidhani mambo haya ni ya mbali. Tarehe 12 Disemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisaidia roketi zaidi. Lakini sisi tulitoa bahari na jina tu. Mwaka 2023 Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa kutoka California. Ya kurushwa hapa kwetu na watoto wetu, nani atawaandaa?

Tahadhari: tumieni chupa ya soda, kwani ile nyembamba ya maji hupasuka. Watoto wasimame mbali, na asiinamie mtu juu yake. Moto na baruti, hapana kabisa.

Wazazi, mtoto akiuliza, msimnyamazishe kama nilivyofanya mimi. Semeni, "Sijui, twende tukajaribu."